Wanaouliza Kila Dakika

Jumanne, 3 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Ilianza tukiwa ofisini, ikapiga mabati mpaka tonton Lambert, bosi tunayemwita mjomba, akawa anapayuka kama yuko ng'ambo ya mto, na tulikuwa meza moja. Nimeamua kuandika msimu huu wote, siku zenye maneno na siku zisizo na maneno, maana nikiacha kichwa kibebe kila kitu kitanipasuka.

Kazi yetu ni hii. Programu ya simu inaitwa Nimefika. Kwenye kila bandari ndogo, Opala, Isangi, Yangambi, hata Ubundu kule reli inakoishia, tuna mtu wetu mmoja mwenye simu. Msafiri akipanda boti au akishuka, anaandikwa jina. Ndugu zake hapa Kisangani wanafungua programu, wanasoma: fulani amefika Isangi. Basi, ndiyo hiyo tu. Lakini kwetu mtu akiingia mtoni unaweza kukaa wiki mbili hujui kama anakula au ameliwa, kwa hiyo "ndiyo hiyo tu" si kitu kidogo.

Leo tulipaswa kuchagua simu iombe habari kwa namna gani, na seva izitoe kwa namna gani. Seva ni kompyuta iliyoko Kinshasa inayotunza majina yote, na mlinzi wake ni Hubert, mtoto wa hapa hapa aliyehamia kule, mwenye funguo zake peke yake. Tonton Lambert ndiye patron, na mambo haya yanampa usingizi, kwa hiyo nilimweleza kwa chakula. Nikasema: njia ya kwanza, kila ukiuliza unaletewa sufuria nzima, hata kama ulitaka kijiko. Mega za intaneti za watu zitaisha kabla hawajasoma jina moja.

Hubert akadakia kwenye simu. "Mi nataka kama kwa malewa, patron. Mutu anafika, anasema: lituma, samaki, pilipili hapana. Anapewa ile tu ameomba. Simu itaje yenyewe kila kitu inataka."

Nikamwambia huo mgahawa wake ni mzuri kwa programu yenye mambo mengi. Yetu inauliza jambo moja tu. Kwa nini nimjengee mtu jiko la hoteli wakati anataka kahawa? Mimi nataka hivi: simu iseme, mara ya mwisho nilikuuliza saa fulani, nipe kilichoingia tangu hapo. Kama hakuna kipya, jibu liwe tupu. Ni nyepesi, hata kwa réseau ya Opala, mtandao wa kusuasua, itapita.

Tulibishana mpaka mvua ikakatika. Tonton Lambert akapiga meza. "Bon. Tunachukua ya Karima. Alors, tunakula ao hatukule?"

Nilimshinda Hubert! Nimerudi nyumbani nikiimba.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua. Nimemaliza upande wa simu, Hubert amemaliza upande wa seva. Yeye amejaribu kule Kinshasa siku nzima, inaenda. Mimi nimejaribu hapa asubuhi na jioni, inaenda.

Jumatatu, 16 Septemba

Tumeifungulia watu. Tonton Lambert amevaa koti katika joto hili.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo alikuja Mama Micheline, muuza likayabu, samaki wa chumvi, wa soko kuu, ambaye mume wake Chance hutoka mtoni akaingia tena mtoni. Alikuja nyumbani, si ofisini, kwa sababu Papa ndiye anayemshonea. Papa Zakaria, baba yangu, ni fundi cherehani, na watu wote wenye malalamiko yao kwangu wamegundua kwamba wakipitia kwake watapewa na kiti.

"Mutoto ya Zakaria," akaanza kabla hajakaa, "ile kitu yenu iko na uongo. Bwana yangu amenipigia simu, iko Yangambi tangu jana. We programu yako inaniambia ata Isangi hajafika!"

"Mama, labda réseau..."

"Réseau gani? Natazama kila dakika! Asubuhi natazama, ku soko natazama, nikipika natazama. Hapana. Jirani yangu anatazama mara moja jioni, anaona Chance wangu. Chance wangu, si wake! Sasa yeye anaona, mi sioni, munataka tugombane?"

Papa alicheka mpaka akasimamisha cherehani. Mimi sikucheka. Nilichukua simu yake, nikaifungua, nikaona kweli hakuna kitu. Nikamwambia mambo ya réseau na mawingu. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa samaki aliyeoza.

Ijumaa, 20 Septemba

Mama ameondoka kwenda Opala. Kaka yake, tonton Rachidi, ni mgonjwa na hana mtu wa kumwangalia. Nimempandisha mwenyewe kwenye baleinière, ile boti ndefu ya mbao yenye injini, akakaa juu ya magunia ya chumvi na mwavuli wake. Aliniambia nisimpe Papa pondu tupu, majani ya muhogo, kila siku. Nikamwambia atakula atakachokikuta. Tumecheka, na sasa nyumba imekuwa kubwa.

Jumanne, 24 Septemba

Malalamiko mengine mawili, maneno yale yale: natazama, natazama, sioni. Nilikwenda nayo kwa tonton Lambert. Akafungua simu yake, habari zote za watu wake zimo, moja baada ya nyingine. Na yeye pia hutazama kila dakika, maana anaipenda programu hii kuliko watoto wake.

"Si unaona? Iko natembea. Watu wetu hawana subira tu, Karima."

Kwake kila kitu kinatembea isipokuwa saa. Simu ya tonton Lambert imewekwa saa ya Kinshasa tangu zamani, na Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Anasema ofisi anazohangaika nazo ziko kule, na akifuata saa ya hapa anawapigia wakati bado wanapiga mswaki. Kwa hiyo mikutano yote ya hapa anaingia watu wameshachoka kumngoja, akisema mapema mapema kabisa.

Nilikubaliana naye. Watu hawana subira.

Jumamosi, 28 Septemba

Mvua. Mama amefika Opala. Papa ameona kwenye simu yake, nami kwenye yangu. Papa hutazama mara moja tu, baada ya sala ya alasiri, kisha anaifunga simu kwenye droo ya nyuzi. Mimi nilikuwa nimezima yangu tangu asubuhi kwa sababu umeme haukuwepo.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mama Micheline tena. Safari hii amekuja na dawa yake. "Nikifuta programu yote, nikaiweka upya, bwana yangu anaonekana! Halafu nikiendelea kutazama, anapotea tena." Nikamwambia vizuri, mama, endelea hivyo hivyo. Alipotoka nikamwambia Papa kwamba mwanamke huyu atanitia kichaa, kila siku ana uganga mpya.

"Labda ameona kitu," akasema Papa.

"Ameona nini, Papa? Amesomea?"

Papa akarudi kwenye cherehani yake. Ana sare za shule za kumaliza.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua usiku na mchana. Mto umepanda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tonton Rachidi amepona kiasi, na Mama amepanda boti ya kurudi. Simu yangu imesema leo asubuhi, mara tu nilipoiwasha: ameondoka Opala. Atateremka mto Lomami mpaka Isangi, pale unapoingia mto mkubwa, kisha apande kuja huku kupitia Yangambi. Nimenunua ndizi za kuponda lituma. Kijinga, zitaiva kabla hajafika.

Jumapili, 13 Oktoba

Sijawahi kuona upepo kama wa leo. Ulitoka upande wa magharibi, upande wa Isangi, ukang'oa bati la choo la jirani na kulitupa uani kwetu. Papa alilishika akaliegemeza ukutani. Wote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja, boti ya Mama.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mungu wangu. Mjini wanasema baleinière imepinduka Isangi jana, pale Lomami inapomwagika. Mmoja anasema ni ya kutoka Opala. Mwingine anasema hapana, ni ya kutoka Bumba. Mwingine anataja idadi ya watu kana kwamba alikuwepo akiwahesabu. Nilisikia nikiwa kwenye toleka, mwenye baiskeli ndiye aliyenihadithia huku anakanyaga, na nikamwambia asimame pale pale katikati ya barabara.

Nimempigia Glodi, mtu wetu wa Isangi. Haipatikani. Wanasema mnara wa kule umelala na upepo. Nimempigia Hubert ili atazame ndani ya seva yenyewe. Imezimwa! Yuko matangani kijijini kwa wakwe zake, Bas-Congo huko, na funguo ziko naye. Nimekwenda kwa mapadre wanakotumia phonie, redio ya kuitana, nikasimama kwenye mstari na watu wengine wenye macho kama yangu. Padre aliita Isangi, akaita, akaita. Redio ilikoroma tu.

Basi nimebaki na Nimefika. Naifungua, navuta kioo kuuliza upya, inazunguka, inaniandikia: hakuna habari mpya. Navuta tena. Hakuna habari mpya. Tangu upepo wa jana nimevuta nikitembea, nimevuta chooni. Mimi ndiye niliyeandika maneno hayo, hakuna habari mpya, niliyachagua mwenyewe kwa sababu ni mafupi. Leo nayachukia kama mtu.

Na Papa? Papa anashona sare.

Jumanne, 15 Oktoba

Hakuna habari mpya.

Nilimkosea adabu Papa leo. Tangu jana hajafungua simu. Iko kwenye droo ya nyuzi, imezimwa kabisa. Nilisimama mbele yake nikamwambia, "Papa, huulizi? Mke wako yuko mtoni na wewe unatia vifungo?"

Akasema, "Nipe mkasi, mwanangu."

"Papa, huna moyo?"

Akaunyoosha mkono wake mwenyewe akauchukua mkasi. Watu waliokuwa barazani waliinamisha vichwa. Nilitoka nikaenda mpaka karibu na bwawa la umeme la Tshopo, nikasimama pale maji yanaponguruma ili mtu asinisikie nikilia, na hata pale nilikuwa navuta kioo.

Njiani nimekutana na Mama Micheline. Chance yuko kule kule upande wa Isangi. Naye alikuwa na simu mkononi, anavuta. Akaniambia mega zake hazitoshi tena kufuta programu na kuiweka upya. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 16 Oktoba

Yuko hai. Mama yuko hai! Nimeanza na hilo kwa sababu mkono hauwezi kuandika kitu kingine kwanza. Alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Sasa niandike ilivyokuwa. Leo baada ya alasiri Papa alikunja mkeka, akabaki amekaa. Mimi nilikuwa mlangoni na simu yangu. Nikaona anafungua droo. Akaitoa simu, akaiwasha, akaiweka juu ya meza ya kukatia kitambaa, na ilipokuwa inawaka yeye aliangalia ukuta.

"Karima, njoo unisomee."

Nikamwambia, Papa, hakuna, nimetazama sasa hivi, hakuna kitu. "Soma," akasema.

Nikavuta kioo chake. Ikazunguka. Ikaandika jina la mama yangu, lote, na mbele yake: amefika Isangi, Jumatatu asubuhi.

Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaingia wakidhani ni kilio. Papa aliinamisha uso kwenye sare za watu, akalia humo humo. Nikamshika miguu nikimwomba msamaha wa jana. Akaniambia, "Wewe ulifikiri sitaki kujua. Mi naogopa kuuliza, mwanangu. Nikiuliza mara moja na hayupo, naweza kungoja kesho. Nikiuliza mara mia na hayupo, ni kama amekufa mara mia. Wewe una nguvu ya kuuliza. Mi sina."

Na mimi nilimwita mtu asiye na moyo! Mwenye moyo mwingi kuliko wangu, ndiyo sababu aliufungia kwenye droo.

Baadaye furaha ilipotulia kidogo, nikachukua simu zote mbili nikaziweka sambamba. Nyumba moja, réseau moja, programu moja. Kwake Mama amefika tangu juzi. Kwangu: hakuna habari mpya. Nikavuta tena mbele ya watu. Hakuna habari mpya. Nilitaka kuitupa kisimani.

Tofauti ni nini? Papa hakuuliza tangu Jumapili. Mimi sijaacha kuuliza. Mama Micheline haachi kuuliza, jirani yake anauliza mara moja jioni. Wanaoona ni wale wasiouliza sana! Na Micheline akiifuta programu na kuiweka upya, simu inasahau kwamba iliwahi kuuliza, naye anaona. Alikuwa ameshaniambia yote, tangu mwezi uliopita, na mimi nikauliza kama amesomea.

Bado kitendawili kimoja. Tonton Lambert anauliza kila dakika na anaona. Kwa nini yeye?

Nikafikiria simu yake. Nikafikiria saa iliyo juu ya kioo chake. Nikakaa chini.

Alhamisi, 17 Oktoba

Hubert amewasha simu yake alfajiri, akakuta nimempigia sijui mara ngapi.

"Karima, nani amekufa?"

"Hakuna. Pole ya matanga, ndugu yangu. Sasa niambie, seva yako inafuata saa ya wapi?"

"Ya hapa. Kinshasa. Kwani ingine iko?"

Kwani nyingine ipo! Nilimwambia, "Hubert, wewe umezaliwa Kisangani, umesahau kwamba huku tuko saa moja mbele?" Nikamsikia akisema polepole, "Oh là là. Oh là là, Karima."

Naandika hapa ili nisije nikasahau. Simu yangu, ikiuliza saa tano ya hapa, inaikumbuka saa hiyo kuwa ndiyo ya mwisho. Lakini kwa seva bado ni saa nne. Mama akiandikwa muda mfupi baadaye, seva inamgongea muhuri wa saa nne na kitu. Nikirudi kuuliza, nasema: nipe yaliyoingia tangu saa tano, na saa nne kwa seva ni mambo ya zamani, eti nilishayapata. Hainipi. Haitanipa kamwe. Jina linapita katikati ya saa mbili, ya Kinshasa na ya Kisangani, linazama. Aliyekuwa hajauliza kwa muda mrefu anampata, kwa sababu swali lake linarudi nyuma kuliko hiyo saa moja. Aliyeuliza sasa hivi tu anamkosa. Na tonton Lambert, mwenye simu ya saa ya Kinshasa, hakukosa hata mtu mmoja, akachelewa mikutano yote.

Kwa hiyo tulijenga kitu kinachowanyima habari wale tu wanaozitaka zaidi. Hubert hakukosea, kwa saa yake. Mimi sikukosea, kwa saa yangu. Hatukukaa meza moja, ndiyo maana.

Mchana mnara wa Isangi umeamka tena, Glodi amepatikana. Boti iliyopinduka ilikuwa ya mkaa, watu wake wote walitoka wazima, mkaa ndio uliokwenda. Mnara uliamka kidogo Jumatatu asubuhi, naye akatuma majina yote kwa pupa kabla haujalala tena. Na Chance wa Micheline alikuwa kwenye majina hayo hayo.

Nilikwenda sokoni mbio, na mvua, bila mwavuli. Nikamkuta Mama Micheline nyuma ya likayabu zake. Nikamwambia kwanza bwana yako ni mzima, yuko Isangi. Aliketi juu ya gunia akashika kichwa, akasema asante Yesu, asante Yesu. Kisha nikamwambia, mama, wewe ulisema kweli, mashine ilikuwa inakunyima kwa sababu ulikuwa unauliza sana. Nisamehe.

Akaushusha mkono kutoka kichwani. "Donc nilikuwa nanyimwa bwana yangu juu ya kumupenda?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka mpaka wauza samaki wote wakageuka, akanifungia likayabu kwenye jani akakataa malipo. Nimerudi nimelowa chapachapa na mwepesi.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mkutano. Tonton Lambert ameingia kwa saa ya Kinshasa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemsema.

La kwanza tumekubaliana haraka. Simu isitaje tena saa. Saa ya simu za watu si ya kuaminiwa, wengine wameirudisha nyuma makusudi ili WhatsApp ya zamani isife. Seva yenyewe itaipa kila habari namba, na simu itarudi kusema: ya mwisho niliyopata ni namba hii, nipe zinazofuata. Namba hazina Kinshasa wala Kisangani. Hubert ameshaweka jioni hii. Nimevuta kioo, na Mama akatokea kwenye simu yangu, amefika Isangi. Nilijua, na bado nikapiga makofi.

La pili ndilo lililotuchelewesha. Hubert akasema sasa imekwisha, tulale. Nikasema haijaisha. Nikawahadithia Papa na droo yake. Siku ile tulibishana mpaka mvua ikakatika mtu aulizeje, lituma au sufuria, na hatukumfikiria yule anayeogopa kuuliza. Nataka habari imfuate mtu. Msafiri akiandikwa, ujumbe mfupi uende wenyewe kwa namba aliyoitaja, hata simu isiyo na mega, hata simu ya tochi.

"Aka! Karima, zile messages zinalipiwa," akasema tonton Lambert.

"Tonton, na wewe una mtu mtoni."

Akazungusha kalamu. Mke wake ni wa Ubundu, kila mwezi yuko njiani. "Bon," akasema, kwa sauti ndogo ambayo siijui kwake. "Muanzishe."

Jumapili, 20 Oktoba

Jua. Nimefua kila kitu. Mama bado yuko Isangi, anangoja boti nyingine, ile yao injini ilinywa maji. Amepata simu ya mtu akatupigia, sauti yake ikakatika katikati ya kumuuliza Papa kama anakula. Papa aliendelea kuishika simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika, kisha akairudisha kwenye droo bila kuizima.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua, kazi. Hubert amepeleka ujumbe wa kwanza wa majaribio. Umefika kwa tonton Lambert, amewaonyesha walinzi wote wa jengo.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumewafungulia watu ule ujumbe, na Hubert na mimi hatujagombana siku nzima. Nadhani anaumwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo asubuhi nilikuwa ofisini, na kama mjinga wa kawaida nilikuwa navuta kioo, ingawa najua hakuna haja tena. Nikaona: Mama ameondoka Yangambi, atafika leo. Nikakimbia nyumbani kumwambia Papa. Nikakuta cherehani imefunikwa kitambaa, na mteja mmoja amekaa barazani peke yake na suruali mapajani.

"Papa yako ametoka zamani," akasema. "Simu ililia ku droo. Akasoma. Akaingia ndani, akatoka na kanzu, ata mwavuli hakuchukua. Mi namuita, namuita, hasikii."

Nilimkuta Beach, bandarini. Boti ilikuwa haijaonekana hata kama nukta. Papa alikuwa amesimama mbele ya watu wote, pale maji yanapogusa mawe, na kanzu yake ya Ijumaa siku ya Jumatano, mvua inamnyeshea na hajali. Nilimwambia aje chini ya paa, boti bado, atapata homa. Akasema, "Simu imeniita yenyewe, Karima. Sikuuliza." Akaendelea kutazama mto. Nikasimama naye, tukalowa wote wawili.

Baleinière ilitokea mvua ikiwa inakatika. Mama alikuwa mbele kabisa, juu ya magunia kama alivyoondoka, amekonda kidogo, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Alituona kabla hatujapunga. Alianza kugomba kabla ya ubao kuwekwa.

"Zakaria! Iko na wazimu? Unasimama ku mvua na kanzu ya msikiti? Nani atafua hiyo? Na we Karima, unamutazama tu baba yako anakufa na baridi?"

Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kugomba kule. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja na sikujificha. Alishuka, akamkabidhi Papa kikapu, akamkagua kichwa mpaka miguu. Kisha sauti yake ikashuka. "Mulifikiri nimekufa?"

Papa alikiweka kikapu chini, akamshika mkono mbele ya Beach nzima, jambo ambalo katika maisha yangu yote sijawahi kumwona akilifanya. Mama akaangalia huku na huku kwa aibu, akasema, "Zakaria, watu." Papa akasema waone. Mimi nilibeba kikapu nyuma yao, na Papa hakuuachia mkono ule mpaka tulipofika nyumbani.